Maneno ya Kidoti Mbele ya Majaji Watatu

Jina alilopewa dada yangu mkubwa alipozaliwa, watu wameshalisahau. Sokoni wanamwita Spika, nyumbani tunamwita Spika, hata daktari wa meno alimwita Spika siku alipomwomba afunge mdomo kidogo apumzike. Ananadi mitumba. Anapanda juu ya meza, suruali mkono huu, gauni mkono ule, halafu anaachia: "Haya haya haya! Imevaliwa mara moja tu, aliyeivaa alinenepa kwa raha!" Watu wanacheka, na anayecheka huwa haondoki bila kununua. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni kukunja nguo, kupiga pasi, kurudisha chenji, na kumvuta sketi kwa chini akianza kumtukana mteja. Tumekwenda hivyo tangu tukiwa wasichana, na kama yupo mtu anayeweza kumnyamazisha yule mwanamke, aje, chai nitamnunulia mimi.

Kwa hiyo siku ile aliponyamaza katikati ya mnada, soko zima liligeuka kuangalia. Alikuwa ameshika koti la mvua, wanunuzi wawili wanashindana, bei inapanda vizuri, simu ikalia. Akaitia sikioni. Koti likashuka taratibu mpaka likamfika miguuni. Mama Vifungo, anayeuza vifungo na zipu meza ya jirani, akaniuliza kwa macho, kuna msiba?

"Amekata rufaa," Dada akasema aliposhuka. "Yule mshenzi. Amekata rufaa, na tarehe imeshapangwa."

Jamani! Nilikaa hapo hapo, kumbe juu ya pasi. Ashukuriwe Mungu ilikuwa imepoa.

Yule mshenzi ni Mwalimu wa Twisheni, na lazima nieleze. Kaka yetu alituletea binti yake jioni moja, akiwa na mfuko wa plastiki wenye magauni mawili, akasema anakwenda kutafuta kazi mbali na atarudi kumchukua. Hakurudi, aliugua huko huko na kuzikwa huko huko. Mama wa mtoto alikuwa ameshaolewa kwingine. Spika hakuuliza mtu, alimvua mtoto viatu, akamwogesha, akamwita Kidoti kwa sababu ya kidoti chake juu ya mdomo, na tangu siku hiyo tukawa watatu. Hatukuletewa kadi ya kliniki, wala cheti, wala mtu wa kumuuliza.

Mwalimu wa Twisheni alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alifundisha hesabu watoto wa mtaa mzima, anasalimia kila mtu, shati limechomekewa. Alichomfanyia Kidoti sitakieleza. Mtoto alikieleza mwenyewe mahali panapohusika, na mimi si wa kukirudia. Ninachoweza kusema ni kwamba alitoka kwa yule mtu akakimbia moja kwa moja mpaka sokoni, akapita katikati ya wateja, akamshika Spika mguu akiwa juu ya meza, akamwambia. Spika alishuka. Hakumuuliza "una uhakika?" Hakusema tungoje kesho. Alimbeba mgongoni, akampeleka hospitali, kisha polisi, na mnada siku hiyo ukafungwa saa sita mchana. Kesi ikaenda, Kidoti akasimama mbele ya hakimu akiwa mdogo kiasi cha kuwekewa kiti cha kukanyaga, akasema yote. Yule mtu akakutwa na hatia, akafungwa maisha. Sisi tukafikiri imeisha.

Sasa Kidoti yuko sekondari, mguu wake umeshauzidi wangu. Ndiyo rufaa inakuja!

Hapa ndipo Spika alipotupotosha, na sisi wote tukamfuata. Mtu anayeishi kwa kunadi anajua kwamba bei haijafungwa mpaka sauti kubwa ya mwisho isikike. Basi yeye akaichukulia rufaa hivyo hivyo. "Ni mnada unaanza upya," akasema, mikono kiunoni. "Watakuja na watu wao, na sisi twende na wetu. Atakayesikika ndiye atakayechukua." Hakuna aliyembishia, maana hakuna aliyejua. Siku ya pili sokoni kulikuwa na mashahidi kuliko wanunuzi! Mama Vifungo angesema alimwona Kidoti anakimbia, na hilo lilikuwa kweli. Muuza ndoo angesema alisikia kilio, na hilo lilikuwa na chumvi nyingi. Fundi Viatu ndio kabisa, wakati ule alikuwa hata hajahamia mtaani kwetu, lakini alishaazima tai.

"Wewe utasema umeona nini?" nikamuuliza.

"Nitasema sura yake sikuipenda."

"Ulimwona wapi?"

"Kwani lazima nimwone?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilipofika nyumbani kicheko kikakatika, kwa sababu Spika alikuwa anamwambia mtoto.

"Utasimama tena, mwanangu. Utasema tena, yote, kama siku ile. Mimi nitakuwepo, na soko lote litakuwepo."

Kidoti aliweka kijiko chini. "Na yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo. Wewe mwangalie usoni."

Mtoto hakulia. Alisema "sawa, Shangazi," akaosha sahani yake, akaenda kulala mapema. Kuanzia hapo akawa si yule. Alikuwa ana tabia ya kuimba akisuuza vyombo, akaacha. Shuleni walimu wakaniita kuniuliza kama anaumwa. Halafu asubuhi moja nimesimama nje ya bafu na taulo langu nangoja zamu, nikamsikia ndani anaongea peke yake, sauti ya chini. Anasema, anakwama, anarudi nyuma, anaanza tena. Nikaelewa. Alikuwa anafanya mazoezi.

Nilimvaa dada yangu siku hiyo! Sikungoja hata afunge khanga. "Unamuua mtoto! Miaka yote hii tumemsaidia akalala, wewe unamrudisha kule kule!"

"Na akitoka yule je?" akanijibu, macho yamemtoka. "Akitoka, akarudi kukaa nyumba ya nne, akamkuta Kidoti anateka maji? Utafanya nini wewe, utamkunjia nguo?"

Maneno hayo yalinikata maini. Tukanuniana. Kwa muda mrefu nguo zilitoka kwake kuja kwangu kupitia kwa Mama Vifungo, aliyekuwa akituambia, "Mkuu anasema piga pasi hii," na "mdogo anasema mkuu aache dharau." Lakini tarehe haikungoja tupatane.

Asubuhi ya rufaa tulitoka msafara. Soko zima, haki ya Mungu! Mama Vifungo kavaa viatu vinavyombana, Muuza ndoo kanyoa, Fundi Viatu na tai yake nyekundu. Mimi na Spika katikati, na Kidoti katikati yetu, sare ya shule imepigwa pasi mpaka inang'aa. Miguu ilitaka kukimbia, sijui mbele au nyuma. Jengo lenyewe lina ukumbi mrefu, sakafu inateleza, mabenchi ya mbao yamepangwa ukutani, na karatasi imebandikwa kila mlango inasema zima simu. Spika alizima ya kwake, akanizimia na yangu.

Wakili wa serikali alikuwa binti mrefu, joho jeusi, viatu vya chini, mafaili yamefungwa kwa kamba chini ya kwapa. Alituona akasimama ghafla. Akatazama msafara, akatazama tai, halafu akamwona Kidoti.

"Mama, huyu mtoto amekuja kufanya nini?"

"Kusema," Spika akajibu. "Na hawa pia. Tumejipanga, mwanangu. Nani aanze?"

Yule binti alifumba macho kidogo. "Mama, hapa hasemi mtu. Hakuna shahidi leo."

"Hakuna?"

"Hakuna. Hii siyo kesi kuanza upya. Majaji wanasoma kila kilichoandikwa kwenye kesi ya kwanza. Wanaangalia kama sheria ilifuatwa, kama ushahidi ulitosha kumtia mtu hatiani, na kama adhabu ni ile inayostahili. Upande wake utasema hakimu alikosea wapi, mimi nitajibu. Basi."

Spika akautazama msafara wake. "Sasa nani atawaambia alichofanyiwa mtoto?"

Yule binti akaligonga faili kwa kidole. "Ameshawaambia. Yamo humu."

Weee! Nilitaka kumkumbatia. Nikamgeukia Kidoti nimwambie umesikia, umesikia? Lakini mtoto alikuwa anamtazama wakili, hajatabasamu.

"Kwa hiyo sisemi tena?"

Wakili akainama mpaka wakawa sawa kwa macho. "Leo husemi chochote. Ila sitakudanganya. Majaji wanaweza kukubali rufaa yake wakamwachia. Wanaweza kuikataa. Na wanaweza kusema kesi ya kwanza iliharibika, isikilizwe upya. Wakisema hivyo, utaitwa tena."

"Wakili wake anataka ipi?"

"Kuachiwa. Akikosa hiyo, kesi ianze upya."

Mkono wa Kidoti ulikuwa ndani ya wangu. Nikajua kuanzia hapo ninachokiomba. Yule mtu asitoke, ndiyo, lakini pia mtoto huyu asirudishwe kwenye kile kiti cha kukanyaga. Yote mawili, Mungu wangu, siyo moja.

Msafara ukatawanywa. Kesi za watoto hazina watazamaji, wakaruhusiwa walezi tu. Kidoti akabaki uani na Mama Vifungo, ambaye alikuwa ameshavua viatu. Fundi Viatu alikwenda shingo upande. "Na tai je?" tukamsikia akilalamika njia nzima ya ukumbi.

Ndani, majaji watatu. Wa katikati mama mwembamba, miwani imefungwa kwa mnyororo. Wa kushoto bwana mnene anayeandika bila kuinua kichwa. Wa kulia haandiki kitu, anatazama tu, na hakuna kinachotisha kama jaji anayetazama tu. Wakamleta Mwalimu wa Twisheni. Amekonda, nywele zimepungua. Nilidhani nitamwonea huruma, wapi! Spika alinishika goti akalibana, na ule ununaji wetu ukaishia hapo, hatukuuzungumzia tena.

Wakili wake alikuwa mzee mwenye sauti tamu, kila neno analipaka mafuta. Akasema mtoto hakuulizwa sawasawa kama anaelewa maana ya kusema kweli. Akasema hakimu aliyemsikiliza mtoto siye aliyeandika hukumu. Wa kwanza alihamishwa kesi ikiwa katikati, akaja wa pili. "Huyo wa pili hakumwona mtoto huyu hata siku moja, waheshimiwa. Alimwaminije mtu asiyemwona? Kama hamtamwachia mrufani, basi shauri hili lisikilizwe upya, kuanzia mwanzo, na mtoto asimame tena."

Nikamtupia jicho jaji wa kulia, nione kama amelimeza. Kwa sababu, nisidanganye, lile swali lilikuwa na maana. Kweli, alimwaminije?

Halafu yule mzee akasema, taratibu kabisa, "Na ni wazi kwamba mtoto alifundishwa na shangazi yake nini cha kusema."

Nikamdaka sketi. Nimechelewa!

"NANI KAFUNDISHWA?" Ile ile sauti ya mnadani. Vioo vya dirisha vilitikisika, polisi mlangoni akasimama, jaji mnene akaandika mstari uliopinda. "Nani kafundishwa? Mtoto amenishika mguu mchana kweupe, soko zima—"

"Mama." Yule jaji wa katikati hakupaza sauti hata kidogo. "Keti. Ukirudia, utasikiliza ukiwa nje."

Spika akaketi. Akachukua ncha ya khanga yake, akaitia mdomoni, akaing'ata. Alikaa hivyo kikao chote kilichobaki. Ila baada ya muda alinisogelea, akatoa khanga kidogo, akaninong'oneza sikioni: "Mdogo wangu, kama wangemwita leo akasema, wangesema kafundishwa. Na safari hii wangekuwa wamesema kweli. Kila siku yuko bafuni anajifunza, na mimi ndiye niliyemtia humo." Macho yalikuwa yamemjaa. Akaing'ata khanga tena.

Hoja ya tatu ndiyo ilituchoma. Umri. Kwa sheria yetu, aliyemfanyia hivyo mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi anafungwa maisha. Akiwa ametimiza kumi, ni miaka thelathini. Yule mzee akafunua ukurasa akasoma ushahidi wa shangazi mlezi. Aliulizwa mtoto ana umri gani. Akajibu: "Tisa kwenda kumi. Weka kumi tu."

Lo! Nilifunika uso. Weka kumi tu! Ndivyo tunavyosema sokoni kutwa nzima, tisa na kitu weka kumi, twende kazi. Alikuwa kizimbani mbele ya hakimu, akajibu kama anauza blauzi. Na daktari naye alikuwa ameandika kwamba mtoto anaonekana yuko kati ya tisa na kumi na moja. Kadi hakuna, cheti hakuna, kaka yetu kaburini. Jaji wa katikati akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sikumtazama dada yangu. Nilisikia tu anavyohema kwa pua.

Kisha binti wetu wa serikali akasimama. Mafaili kayafungua, kamba inaning'inia. Hakuwa na sauti tamu, alikuwa na kurasa. Akasoma mahali hakimu alipomuuliza mtoto maswali kabla hajaanza, na mtoto akajibu, "Nitasema kweli. Sitadanganya." Akaeleza kwamba hakimu wa kwanza alihamishwa kwa ajili ya ugonjwa, sababu ikaandikwa, na hakimu wa pili kabla hajaendelea alimuuliza mshtakiwa kama anataka mashahidi waitwe tena wasikilizwe mbele yake.

"Akajibuje?" Ni yule jaji wa kulia! Mara ya kwanza anafungua kinywa.

"Alijibu, 'Tuendelee,' mheshimiwa."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, na wakili wake akiwa amesimama pembeni yake."

Yule mzee mwenye sauti tamu akaanza kutafuta kitu kwenye karatasi zake. Mimi niliyabana makofi yangu katikati ya magoti, yasitoke. Lakini walipomuuliza kuhusu umri, binti wetu alivuta pumzi akasema, "Hapo, waheshimiwa, siwezi kubishana na kilichoandikwa." Spika alinifinya, alama ninayo mpaka leo.

Wakasema hukumu tutaitwa. Tuliitwa baada ya majuma kadhaa, na majuma hayo msiniulize tuliuza nini. Spika alikuwa ananadi kwa sauti ya kawaida, wateja wanamuuliza kama ana mafua. Nyumbani alimwambia Kidoti aache mazoezi. Kidoti akasema ameacha. Nilisimama nje ya bafu. Hakuwa ameacha.

Siku ya hukumu Kidoti hakuja, alikataa mwenyewe. "Mkirudi mtaniambia siku ya kwenda kusema," akatuambia, kama mtu anayesubiri ratiba ya mitihani. Tukaenda wawili, na soko nyuma yetu, safari hii wakijua mwisho wao ni uani.

Jaji wa katikati ndiye aliyesoma. Jamani, majaji wanasoma polepole! Anaeleza kesi ilivyoanza, nani alisema nini, wewe roho iko juu juu unataka afungue ukurasa wa mwisho. Hoja ya kwanza: mtoto aliahidi kusema kweli, imeandikwa, hoja haina mashiko. Spika akanishika mkono. Hoja ya pili. Akasoma kwamba ni kweli hakimu wa pili hakumwona mtoto. Akasoma kwamba kubadilisha hakimu bila kufuata utaratibu kunaweza kuharibu kesi nzima. Nikasema basi, tumekwisha! Akasoma kwamba hapa utaratibu ulifuatwa, mshtakiwa alipewa nafasi ya kumwita mtoto tena naye akasema waendelee, kwa hiyo hawezi leo kulalamikia alichokichagua. Hakuna sababu ya kesi kusikilizwa upya.

"Hakuna sababu," Spika akarudia kwa midomo tu, bila sauti. "Hakuna sababu, umesikia?"

Nimesikia! Nilikuwa nalia na kucheka, kamasi zinanitoka, polisi wa mlangoni akanipa karatasi laini kutoka mfukoni mwake.

Akaendelea. Akasema katika makosa ya aina hii mara nyingi hakuna mwingine aliyeona, na sheria haidai awepo. Ushahidi wa mtoto peke yake unatosha kama mahakama imeridhika kwamba ni wa kweli. Akasema wao watatu wameusoma wote, mstari kwa mstari. Mtoto alimtaja mtu huyo huyo saa ile ile, kwa mtu wa kwanza aliyemwamini. Aliulizwa maswali magumu na upande wa pili, akajibu bila kuyumba, na pale asipokumbuka alisema sikumbuki. "Tumeyapima maneno yake," akasoma, "na tumeyaamini." Hatia inabaki.

Halafu adhabu. Umri wa chini ya miaka kumi haukuthibitishwa. Shaka ikiwepo, faida yake humwendea mshtakiwa. Kifungo cha maisha kinaondolewa, anapewa miaka thelathini, kuhesabiwa tangu siku alipohukumiwa mara ya kwanza. Wakainuka.

Uani lilizuka zogo. "Amepunguziwa!" Fundi Viatu akapiga kelele, "Wamempunguzia! Ningesema mimi!" Muuza ndoo akawa anataka kurudi ndani kubishana na jaji. Spika alisimama katikati yao amejiinamia.

"Ni mimi," akasema. "Weka kumi tu. Mdomo wangu ndio uliompunguzia."

Binti wa serikali alikuwa anashuka ngazi, akasikia. "Mama, kesi imesimama. Na yule mtu wa kwanza ambaye mtoto alimwamini, kama hukumu inavyosema, yule aliyeambiwa saa ile ile na akaenda polisi saa ile ile, ni nani?" Spika akainua kichwa. "Basi mwambie mtoto. Mwambie wewe mwenyewe."

Tulikwenda mbio. Watu wazima na makalio yetu, mbio mtaani, Mama Vifungo viatu mkononi! Tulimkuta Kidoti uani kwetu anaanika soksi zake kwenye kamba. Alipotuona akaweka ile soksi begani, akasimama wima, mikono imenyooka pembeni.

"Lini?" akauliza.

Spika akamshika mabega. "Hakuna lini. Hurudi."

"Mpaka mwakani?"

"Hurudi kabisa, mwanangu. Hakuna kesi nyingine. Amefungwa miaka thelathini. Yalikuwa maisha, nikakosea mimi kwenye umri wako, utanisamehe. Lakini hatia imebaki."

Kidoti hakuonekana hata kuisikia ile miaka. "Waliniaminije na hawajaniona?"

"Walisoma ulichosema," nikamwambia. "Majaji watatu. Ulichosema ulipokuwa mdogo, neno kwa neno. Wameandika kwamba wamekuamini."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Akatazama chini. Akaitoa ile soksi begani, akaikunja, akaikunjua. "Mimi nilikuwa najikumbusha kila siku," akasema. "Asubuhi na usiku. Rangi ya mlango, na alichosema kwanza, na alichosema baadaye, ili nikiulizwa nisikosee wakasema mwongo. Tangu siku ile ya kwanza, Shangazi, siyo juzi tu. Sijawahi kuacha." Akatuangalia kwa zamu, mimi, kisha Spika. "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusahau?"

Dada yangu alikaa chini pale pale kwenye maji ya kufulia. Nikajibu mimi.

"Unaruhusiwa, mwanangu. Anza leo."